Siku Aliponiita Dada Kule Durban

Uyole, Mbeya

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Nakupigia magoti kutoka huku Uyole, nikiomba barua hii ikukute ukiwa na nguvu, na hiyo miguu iwe imepunguza kukusumbua kwenye baridi hii. Vipi mahindi, mmeshapukuchua? Dada Verediana, ninayejua ndiye anayekusomea, nampa salamu nyingi. Namwomba asome mpaka mwisho, asiruke neno hata akinionea aibu. Sisi miili ni mizima. Mkweo Gwakisa anakusalimu sana.

Najua majirani wa Ipogolo wameshakuuliza habari za safari yetu ya Afrika Kusini, nawe huna cha kuwajibu kwa sababu tangu nirudi nimekuwa nikikwepa simu zako. Nisamehe. Kila nikitaka kusema, niliikata simu kabla hujapokea. Ndiyo maana naandika.

Kama ulivyosikia, wauzaji wa mbegu waliwapeleka Durban mawakala wao waliofanya vizuri, kila mmoja na mwenzi wake, na Gwakisa alikuwa mmojawapo. Mama, mji ule ni mzuri! Siku yetu ya kutembea tulianza na jumba la samaki. Papa walipita juu ya vichwa vyetu nyuma ya kioo, na mkweo, mtu wa Rungwe asiyeogopa nyoka, akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza. Tukaona wanaume wanaovuta abiria kwa vigari, vichwani wamevaa mapembe na shanga. Mchana tukala mkate uliotobolewa katikati ukajazwa mchuzi wa nyama wenye pilipili. Gwakisa alitokwa machozi, akaagiza mwingine.

Baadaye tukapanda boti ya kuwazungusha wageni bandarini. Meli zilikuwa zimebebeshwa makontena hadi zikafanana na maghorofa. Niliketi na Eveline, mke wa wakala wa Makambako, mama mmoja aliyevaa vizuri na mwenye maswali mengi. Aliniuliza kama nina ndugu nje ya nchi. Nikamwambia ninaye mdogo wangu, fundi mkuu wa meli kubwa, na huenda yumo kwenye mojawapo ya zile pale. Nilisema hivyo bila hata kukohoa. Mama, ni uongo nilioanza kuusema nilipoolewa, maana niliona aibu kuwaambia wakwe kwamba Antoni wetu aliondoka na lori akiwa utingo na hakurudi. Hata Gwakisa aliuamini.

Tuliposhuka kwenye boti, kulikuwa na watu wanauza vitu vidogo karibu na geti. Nyuma yangu nikasikia sauti ikinisalimu kwa lugha ya kwetu, "Kamwene! Dada Fausta!"

Kabla sijageuka nilijua. Nani mwingine duniani ananiita Fausta? Nilipogeuka nilimwona Antoni, kitindamimba wako niliyembeba mgongoni. Amekonda, mama. Meno mawili ya mbele hayapo. Alikuwa na boksi la biskuti na sigara kifuani, na miguuni viatu visivyofanana. Lakini alikuwa anacheka, mikono ameshaifungua.

Eveline alikuwa ameniegemea begani. Askari wa geti alikuja mbio, akaniuliza kwa Kiingereza kama namfahamu mtu huyu au ananisumbua.

Nilisema simfahamu.

Antoni aliteremsha mikono. Alinitazama, si kwa hasira, kisha akainamisha kichwa akasema kwa Kiswahili, "Samahani mama, nimekufananisha." Aliniita mama, kama mtu anavyomwita mgeni barabarani. Askari akamsukuma, biskuti zikamwagika. Nilimwacha ameinama anaziokota, nikapanda basi. Gwakisa alikuwa amekwisha kuingia, hakuona kitu.

Jioni tulipofika chumbani hotelini nikamweleza mume wangu yote, na uongo wa fundi wa meli pia. Alinisikiliza amesimama, soksi moja mkononi. Nilitegemea anifokee. Badala yake aliniuliza kama nakumbuka lile geti liko upande gani, na kulipopambazuka tu tulikuwa njiani.

Tuliulizauliza hadi tukaelekezwa chini ya daraja, mahali wanapolala Watanzania wengi. Antoni hakuwepo. Alikuwepo Charles, mtu mzima wa Tunduma, anayechangia naye godoro. Nilipotaja jina langu aliruka akanishika mikono yote miwili. Alisema jana yake Antoni alirudi hapo na furaha, akawasimulia wote kwamba dada yake amekuja na mume wake, na kwamba dada alimkumbatia mbele ya watu akalia, bila kujali nguo zake nzuri. Kisha kabla hakujakucha alifunga kifurushi chake akaondoka, hakuaga wala hakusema anaenda wapi.

"Asante sana dada," Charles aliniambia. "Wengine sisi ndugu zetu wakituona hutukana."

Sikumsahihisha. Mama, hapo ndipo nilipokaa chini kwenye vumbi.

Tulisubiri mpaka ndege ikakaribia kutuacha. Gwakisa alimwachia Charles namba zetu, na ameapa kurudi huko mwenyewe mahindi ya wakulima wake yakishaingia ghalani. Mpaka leo Antoni hajapiga. Kila namba ngeni ikiingia naikimbilia.

Nimekuandikia kwa sababu sina haki ya kuificha habari hii hata siku moja zaidi. Mwezi wa kumi na moja uliopita, baada ya kukataa kwa muda mrefu, ulikubali jina la Antoni lisomwe kwenye misa ya marehemu. Mwambie padre alitoe. Mwanao yu hai, na bado ana moyo wa kumsitiri dada yake.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na jirani yetu Kalinga na watoto wake. Jumamosi nitapanda basi la asubuhi kuja Iringa. Nitafika hadi uani. Ukiona siingii ndani, mama, ujue nasubiri uniite.

Mwanao,
Faustina