Vizibo vya Ghorofa ya Tano

Shakhtnoye, 4 Oktoba 2011

Mwanangu Fima,

Pokea salamu zangu na za theluji, iliyotuwahi mwaka huu. Mimi mzima, ila goti tu, na goti halijawahi kumuua mtu. Hofu ni kwako huko Voronezh: unakula, au unakunywa chai tu kama marehemu baba yako?

Boila la mji, linaloleta maji ya moto kwenye rejeta za kupasha nyumba zote, limewashwa tangu mwezi uliopita. Rejeta ya jikoni inaunguza mkono, ya chumbani imelala baridi kama maiti. Kwa Bi Faina, hapo chini yangu ghorofa ya pili, ni vivyo hivyo, naye miguu haimtoi kitandani. Nikamwambia tumhamishie jikoni. Akanijibu, "Zina, sijazeeka kiasi cha kulala na masufuria." Ana miaka themanini na minne!

Rejeta nimeigonga kwa mwiko, nimeitukana, wapi. Wewe ndiye fundi bomba wetu. Nifanye nini?

Mama yako

Voronezh, 19 Oktoba

Shikamoo mama,

Barua imefika. Sisi wazima, mkweo Lida anakusalimu sana. Mwiko uache, rejeta haina masikio.

Ipapase. Ikiwa ya moto chini na baridi juu, ina upepo ndani. Kinga beseni, fungua kikoki kidogo cha pembeni, kitafyonya weee. Maji yakitoka bila kutema, funga. Lakini kama mabomba yake yote mawili ni baridi, maji hayatembei kabisa. Chumbani kwenu maji hupanda kwa bomba moja mpaka juu kabisa, ghorofa ya tano kwa akina Kobzev, huvuka kupitia rejeta zao, kisha hushuka kwa jingine. Huenda upepo umekaa huko juu.

Ila wale wamehama kama wengine wengi wa jengo hilo, mlango umefungwa. Usipande ngazi na goti hilo, mama. Msubiri fundi wa ofisi ya nyumba, kutunza jengo ni kazi yao. Bi Faina avae soksi mbili.

Mwanao Fima

Shakhtnoye, 12 Novemba

Fima,

Mimi mzima. Wewe nadhani u mzima pia.

Fundi wa ofisi ya nyumba amehama. Nilipata ufunguo wa Kobzev kwa mfagiaji, nikapanda na beseni langu, nikipumzika kila ghorofa. Sikukuta rejeta. Zimeng'olewa zote mbili za chumbani, na ncha za mabomba zimezibwa. Maji yanafika pale yanagota ukuta.

Vile vizibo vimefungwa kwa nyuzi za kitani na kupakwa rangi nyekundu visivuje. Baba yako, aliyekufundisha kazi, alipaka nyeupe. Mji huu mzima anayepaka nyekundu namjua mmoja, na nilimzaa mimi.

Bi Faina nimemfunika makoti yangu mawili. Asubuhi maji ya kunywa kwenye glasi yake yalikuwa na utando wa barafu. Niambie nimekosea.

Mama yako

Voronezh, 1 Desemba

Shikamoo mama,

Hujakosea.

Ilikuwa mwezi wa tano, nilipokuja. Kobzev alitaka kuuza rejeta zake za chuma kabla ya kuhama, akaniomba nizing'oe. Ilitakiwa niziunganishe zile ncha mbili kwa kipande cha bomba, maji yavuke. Sikuwa na kipande. Nikaziba. Nikajiambia, jengo lenyewe linahamwa kabla ya baridi, na mama ataondoka. Barua yako ya kwanza tu ilinikumbusha vile vizibo. Nikakuandikia habari za upepo nikiomba iwe upepo kweli. Nisamehe.

Ni kazi ya saa moja. Waambie ofisi ya nyumba wafunge maji, waunganishe ncha. Lakini tafadhali usinitaje, watanishitaki. Sema ni Kobzev. Bosi akinipa ruhusa, nitakuja mwenyewe baada ya mwaka mpya.

Mwanao Fima

Shakhtnoye, 17 Januari 2012

Fima,

Fundi wa kuazima alikuja tarehe tatu. Hakuna cha saa moja tena. Maji yalikuwa yameganda bombani, na rejeta ya Bi Faina imepasuka katikati. Wamelikata bomba lote mpaka kiangazi. Waliobaki tunahamishiwa nyumba namba saba.

Bi Faina hakuhamishwa. Nilimpelekea supu asubuhi ya Krismasi yetu, tarehe saba, nikamkuta ameshaenda, na makoti yangu mawili juu yake. Hakuwahi kulalamika, kwa kuogopa kupelekwa nyumba ya wazee. Nilikaa naye mpaka supu ikapoa, nikalia kwa sauti, Fima, sikujali nani ananisikia.

Ofisi ya nyumba iliuliza nani aliziba. Nilisema Kobzev. Nimetia sahihi.

Binti wa Bi Faina alikuja kuzika. Mbele ya watu alinikumbatia, akasema, "Shangazi Zina, Mungu akulipe, wewe ndiye uliyempa mama joto." Nilitaka kumwambia. Mdomo nikaufungua kabisa. Halafu nikamwambia, "Pole, mwanangu," nikamwacha anishike.

Usije. Ukija, nitakutana na macho yako na ya binti yule siku moja, na mimi ni mtu mzima, sina nguvu hizo. Hapa hakuna tena cha kutengeneza.

Mama yako