Mashine ya Soda ya Mama

Ragnhild,

Sisi wazima. Theluji inayeyuka, na paka wa Mama amehamia kwangu.

Unadai nimeiharibu makusudi mashine ya Mama ya kutengenezea soda, uliyoibeba siku ya mazishi yake, watu wakiwa bado na vikombe vya kahawa mkononi. Eti ulitia maji na sharubati ya rasiberi, ukabonyeza gesi, dari yote ikawa nyekundu.

Mashine ni nzima, dada yangu. “Gesi kwenye maji matupu, utamu baadaye,” ndivyo Mama alivyomwambia kila aliyekuja kumwona miaka yote ile alipokuwa mgonjwa. Hata tarishi wa posta, aliyekuwa akikaribishwa glasi moja, anajua.

Ukikwama tena, usiniandikie mimi. Muulize yeye.

Gunvor