Machipukizi Kumi ya Shamba la Kijiji

Mpendwa Mama Mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe kwa mwandiko huu, maana naandikia magotini nikiwa nimetoka kupalilia. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, naishi nje kidogo ya Izigo, mume wangu ni balozi wa nyumba kumi, na tangu tuingie kijiji cha ujamaa siku tatu za wiki ni za shamba la kijiji na zinazobaki ni za kibanja chetu cha migomba nyumbani, ambako rumbugu, lile jani baya la mizizi mirefu, ukiling'oa leo keshokutwa limerudi, na nyasi za kutandaza chini ya migomba nazifuata mbali kwa sababu rweya ya karibu, uwanda tuliokuwa tukikata nyasi, imelimwa yote. Sisemi haya ili kulalamika, nasema ili ujue nilivyokuwa siku ile.

Mwaka juzi mvua za vuli zilipoanza, kila nyumba iliagizwa itoe machipukizi kumi ya migomba ya kupanda katika shamba la kijiji. Mama, unajua kwetu chipukizi haliuzwi, ukimpa mtu unampa lililo bora, maana shina lile litatajwa kwa jina lako hata ukiisha kufa, watu watakula ndizi na kusema, hii tulipewa na mama fulani. Lakini katika shamba la wote, nilijiuliza, nani atanitaja? Na yaliyo mazuri nilikuwa nimekwisha kuwaahidi wakwe wa binti yangu kule Rubafu. Basi nikaenda upande wa jikoni ambako migomba ilikuwa inaanguka ovyo, nikang'oa huko, nikayachonga kidogo kwenye tunguu, lile bonge la chini lenye mizizi, nikaona matundu meusi na funza wa fukusi, mdudu anayekula migomba, wanajinyonganyonga ndani, nikajua kwa nini migomba ile inaanguka. Nikachota tope nikayapaka yote kumi yasionekane, mume wangu akayapeleka, karani akaandika jina lake na kumsifu kwa kuwahi.

Sasa migomba ya kijiji inaanguka, kila pembe ya shamba, upepo mdogo tu inalala na mikungu yake michanga. Lawama zote zimemwangukia mtunzaji wa shamba, Mzee Lwakatare (majina niliyoandika siyo yenyewe), aliyefiwa na mke na hana mtoto, aliyeacha kibanja chake tulipohamishiwa kijijini akapewa chumba kimoja kando ya shamba. Wanasema ni mvivu, wengine wanasema anahujumu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna mkutano, na kila mtu anajua kwamba ataondolewa kazini na chumbani atatoka. Juzi alinikuta kisimani akaniambia, "Mwana wange, mikono yako inaijua migomba. Nimekosa wapi? Napalilia, natandaza nyasi, naweka samadi, hata Jumapili nikitoka misa napita kuitazama. Niambie nijirekebishe." Nikamjibu, "Tata, labda ni udongo." Akanishukuru. Mama, alinishukuru.

Nimemweleza mume wangu, akasema, "Mama watoto, nyamaza. Jina lililoandikwa ni langu. Unataka waseme balozi ndiye mhujumu?" Nimekwenda kuungama, Padri akanipa rozari nzima, nimeisali nikaimaliza, migomba inaendelea kuanguka. Naomba unitajie dawa ya fukusi, niitie kimyakimya shambani migomba ipone kabla ya mkutano, na mzee asalimike, na mimi nipumzike. Nimechoka sana.

Mchovu wa Muleba


Mama Kokwijuka wa Rwamishenye anajibu:

Mama Mchovu, pole. Nimekulia kwenye kibanja, najua mgongo wa mwanamke aliyeinama juu ya rumbugu tangu asubuhi mpaka jua linazama, na sitakuambia kwamba uchovu wako ni wa kujitakia. Lakini siku ile ya tope usiusingizie uchovu. Aliyechoka huokota lililo karibu akaondoka. Wewe ulichonga, ukaona, ukachota tope, ukapaka moja moja mpaka yakatimia kumi. Hiyo ilikuwa kazi, na uliifanya kwa makini.

Dawa ya kimyakimya sina. Mgomba ulioliwa tunguu hauponi kwa mkutano wa Jumamosi wala kwa rozari. Iliyoanguka ing'olewe, matunguu yakatwe vipande vidogo na kuanikwa juani mpaka yakauke kabisa. Migomba iliyokwisha kukatwa mkungu ipasuliwe kwa urefu, ilazwe kando ya mashina yaliyobaki, upande wa ndani ukielekea chini, na baada ya siku tatu muifunue asubuhi: mtawakuta fukusi wamejikusanya humo, muwatie kwenye maji ya moto. Wiki hii, na wiki ijayo, na inayofuata, msichoke. Chipukizi jipya limenywe tunguu lake mpaka liwe jeupe, na ukiona doa jeusi lisilotoka, litupe. Ukishamenya panda siku hiyohiyo, usiliache likalala nje fukusi wakalitagia. Anza na ule upande wa jikoni kwako, maana sidhani kama wadudu wameishia hapo. Uwaandikie na wakwe wa Rubafu, wayakague ya kwao.

Sasa la mzee. Mtu amesimama kisimani akakuomba umwonyeshe kosa lake, nawe unalijua kosa ni lako, ukampa udongo! Ona haya, mama. Mficha maradhi kilio humfichua, na hapa kilio kitakuwa cha mtu mwingine. Nenda kwake kabla ya mkutano, usisubiri akukute tena njiani. Mwambie yote, na lile la tope pia, kisha ukubali atakalokuambia. Mumeo mwambie unakwenda, usimwombe ruhusa. Kama anaogopa jina lake kutajwa, ataje lako, mikono ilikuwa yako. Halafu chimba machipukizi kumi safi, yaliyo bora, uyapeleke mchana watu wakiona.

Na jambo moja hukulifikiri kwa sababu ya kulia. Fukusi ni mdudu asiyetembea mbali. Machipukizi yako kumi yangeharibu kona moja, lakini wewe mwenyewe unasema migomba inaanguka kila pembe. Basi kuna majiko mengine huko kwenu yaliyotoa machipukizi ya kupakwa tope siku ile. Siku ya mkutano wenye majiko hayo watakuwa wamekaa hapo wakitazama miguu yao, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Simama wewe kwanza. Ukikaa, watakaa wote, na mzee atasimama peke yake.