Mama Kulwa, Samaki Amebaki Mmoja

Mama Kulwa,

Mwangaluka. Najua huitikii. Nakusalimia tu.

Hili neno nimekaa nalo tangu tukuzike. Wale samaki wako wawili wa kijito cha kwenu Ipililo, amebaki mmoja. Mwenzake nilimuua mimi.

Unakumbuka ulivyowaleta, umepakata ndoo ndani ya basi mpaka Bariadi? Fundi madirisha akakutengenezea sanduku la kioo. Nikakwambia, "Samaki anakaangwa, hafugwi." Ukanijibu, "Basi nikaange na mimi." Ukacheka mpaka ukakaa chini. Hata yule mama muuza samaki wa Lamadi aliwachungulia, akasema ziwani hajawahi kuwaona.

Ulisema wanataka maji ya baridi. Na bati letu linawaka. Ukawa unazungushia kioo gunia, unalilowesha asubuhi na mchana. Kila asubuhi unawaambia, "Mwangaluka," nao wanatoka chini ya jiwe.

Baada ya msiba gunia lako likachanika. Nikachukua lingine stoo. Nilisahau. Ndilo nililobebea dawa ya wadudu wa pamba, chupa ikamwagikia humo. Nikalilowesha, likachuruzika ndani. Kurudi kutoka kazini, mmoja kageuka tumbo juu. Huyu mwingine nilimuwahi, nikamtia kwenye mtungi wako.

Nikasema nimrudishe kwao. Nikaenda Ipililo na ndoo. Mama Kulwa, kijito hakipo. Wamechimba mchanga wote. Kimebaki kidimbwi, maji ya moto kama ya kumkandia mzazi. Nikarudi naye, nikaosha kioo na jiwe, nikamrudisha humo, nikazungushia gunia safi.

Sasa kila mchana natoka kiwandani kwenye pamba, nakimbia kulowesha gunia. Msimamizi alikuwa ananitania, "Baba Kulwa, umeoa nini?" Namjibu, "Nimeoa, ila huyu hapiki." Tunacheka. Jana hakucheka. Kasema nikitoka tena nisirudi.

Leo jua limekuwa kali. Nimebeba marobota mpaka saa saba, nikashindwa. Nimetoka. Nyuma nimemsikia anasema, "Mwacheni aende kwa samaki wake."

Kibarua kimeota nyasi. Kesho sijui nitakula nini. Watoto sijawaambia.

Gunia nimelilowesha. Nimekaa chini nikamwambia samaki mwangaluka, mchana ule, salamu ya asubuhi. Sikuwahi kumsalimia, ulikuwa unasalimia wewe.

Katoka chini ya jiwe. Kaangalia nyuma yangu, mlangoni. Halafu karudi.

Pumzika.

Mume wako,
Baba Kulwa