Taya la Nyanya

Mukurweini, Agosti 1979

Athman wangu,

Ng'ombe amezaa na ndizi zimeiva. Mimi niko sawa, ila bado nakunywa uji kwa mrija.

Unajua nilipewa jina la nyanya, mama yake baba, na nikazaliwa na taya lake pana. Ndiyo maana baba huniita "mama." Basi taya hilo ndilo alilolipunguza daktari uliyenitafutia huko Nairobi, ati nipendeze siku ya harusi.

Jana nilifika nyumbani. Baba alinitazama sana, kisha akasema, "Karibu, Ngendo."

Hajawahi kuniita hivyo, Athman! Sasa yuko nyuma ya zizi, analia kama siku tulipomzika nyanya. Tafadhali, kimbia kwa daktari. Muulize kama ule mfupa bado anao.

Wako,
Ngendo