Mkono wa Mwalimu kwenye Daftari la Sinema

Ijumaa, 10 Novemba

Filamu ya wale wanawake wawili imeanza leo. Fundi wa piano na mke wa daktari. Kila wakiangaliana, mvua inanyesha – kila mara! Kwa saa mbili nzima hakuna aliyeosha hata kikombe. Nimeuza tiketi kumi na saba, kwetu huo ni umati, na wote wametoka na nyuso za watu waliofumaniwa.

Bwana Kuramoto, mwenye sinema, ameweka daftari la maoni ukumbini, kalamu imefungwa kwa kamba. Kila jioni mimi nalipitia. Ukurasa wenye matusi naukata kwa wembe, taratibu, usijulikane. Kazi hiyo naipenda kuliko anavyojua.

Jumamosi, 11 Novemba

Maoni ya leo. Mmoja: uchafu mtupu, na alikuja na mama mkwe wake. Nani alimtuma? Bango lina wanawake wawili wamekumbatiana, alidhani ni mieleka?

Mwingine: "Mapenzi ni mapenzi!" Na figili ni figili. Umesema nini sasa?

Mzee mmoja anadai wale ni marafiki tu, watu wa siku hizi wana mawazo mabaya. Walibusiana dakika nzima, babu! Labda mmoja aliingiwa na vumbi mdomoni.

Mwanafunzi wa chuo – kurasa mbili kuhusu mwanga wa filamu. Nimezikata pia. Hakumtukana mtu, ila kanichosha.

Wanaochukia ni wajinga, wanaosifu ni wajinga zaidi. Wanalilia ushujaa wa watu wasiokuwepo, kisha wanarudi nyumbani kula kaa wa msimu.

Jumatatu, 13 Novemba

Hatsue ameiona mara ya tatu. Tatu! Miaka ishirini na moja chini ya paa moja, na sikujua naishi na mtu wa namna hii. Asubuhi, tukinywa supu, nimemwambia ni filamu ya watu wasio na kazi. "Kwani umeiona yote?" kaniuliza. Nimesema nimeona ya kutosha kwa kuchungulia mlangoni. Akaosha vyombo bila kuimba. Huwa anaimba.

Mjini sisi ni binamu. Nilimwambia hivyo mwenye nyumba siku tuliyohamia, kwa haraka tu, na binamu tukabaki.

Jumatano, 15 Novemba

Hatsue ana wazimu.

Ukurasa mzima wa daftari – kwa brashi! Wino wake mwenyewe, kaubeba kutoka nyumbani. Hakuweka jina. Jina la nini? Nusu ya watu wa mji huu wamefundishwa na yeye kuandika kwa brashi. Bahasha za harusi, bahasha za rambirambi, kibao cha duka la mchele – mkono wake. Anayetaka kujificha hutumia kalamu ya kamba kama wenzake!

Nanakili: "Nimeishi na mtu miaka ishirini na moja. Kwenye filamu wanaagana stesheni kwa machozi. Sisi hatujawahi kusafiri pamoja, kwa sababu anaogopa hotelini watatuandika chumba kimoja. Filamu nimeipenda. Yeye anaidharau. Sidhani ni filamu anayoidharau."

Nimesoma nimesimama, wembe mfukoni. Sikuukata. Nimejiambia Kuramoto ananiangalia. Kuramoto alikuwa nyuma ya pazia anakula.

Jioni tulikuwa na kaa mezani. Hatsue kauliza kama nimelipitia daftari. Hakuna cha maana, nimesema. Kavunja mguu wa kaa, nyama yote kaiweka kwenye bakuli langu. Nimeiacha humo humo. Nina hasira naye. Ninaogopa, basi! Nimeshaandika. Ninaogopa.

Ijumaa, 17 Novemba

Chini ya ukurasa wake mtu kaandika neno moja: "Mwalimu?"

Saa kumi akaja Bi Ogata, binti yake anafundishwa na Hatsue. Hakununua tiketi. Kafuata mistari kwa kidole.

"Bi Mutsuko, huu si mkono wa binamu yako? Ona mkia wa hili neno 'mtu'. Mwanangu anarudishwa kuandika upya mkia huu kila Jumamosi mpaka analia."

"Mikia inafanana."

"Haya. Na huyo mwoga wa hoteli ni nani?"

"Mimi nauza tiketi tu, Bi Ogata."

Kacheka. Wala si kwa ubaya – hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Jumamosi, 18 Novemba

Filamu wameisahau. Sasa maoni ni juu yetu. "Mwalimu, binti yangu haji tena." Chini yake: "Wangu atakuja, na nafasi hiyo mpe mdogo wake." Mwingine: waacheni wazee wa watu. Wazee! Nina miaka hamsini na sita.

Darasani wamekuja watoto saba kati ya kumi na mmoja. Hatsue kanipigia simu kunieleza, sauti kama anatangaza hali ya hewa. Hakuniomba kitu. Bora angeniomba.

Kuramoto: "Ukate tu, Bi Mutsuko. Wateja wanasumbuka. Si kawaida yako?"

Kawaida yangu! Nikiukata, mji utasema mwalimu ametunga uongo. Na Hatsue atajua ni nani kaukata. Nimemjibu: kesho.

Jumapili, 19 Novemba

Siku ya mwisho ya filamu. Foleni hadi nje, na hawakumfuata fundi wa piano, najua. Ukurasa bado upo. Nilifika mapema ili niukate, nikaishia kufagia.

Halafu Hatsue. Kwenye foleni kama mtu yeyote, nywele kazibana vizuri. Nyuma yake Bi Ogata, nyuma ya Bi Ogata watu sita au saba.

"Mbili," kasema. "Viti vinavyopakana."

Na mimi, kwa mazoea ya kazi, mdomo ukajisemea wenyewe: "Na mwenzako yuko wapi, mama?"

Mama! Kama simjui.

Hakukasirika. Kainama hadi kwenye tundu la kioo. "Ndilo nililokuja kukuuliza."

Nimewaambia mashine ya tiketi imekwama. Nimeshusha pazia la dirisha. Mashine ni nzima. Naandika haya juu ya paja, Kuramoto anagonga mlango, filamu inaanza baada ya dakika nne. Hakuna aliyeondoka kwenye foleni. Namsikia Bi Ogata, kwa sauti ya kusikika na wote: "Mngoje, Mwalimu. Ndani kuna baridi, anavaa koti."

Sikuwa nikivaa koti. Sasa mkono mmoja umeshaingia kwenye koti, naandika kwa huu