Vikombe vya Uji

Mjukuu wangu Halima,

Agosti 1998 nilipoteza watoto ishirini na wawili kwa siku moja. Babu yako anakusalimu, goti lake limepoa.

Umeniuliza utawachungaje watoto wadogo kwenye kambi yako ya likizo huko Hola. Yangu ya Garsen ilikuwa na watoto thelathini. Niliwahesabu kwa kidole mbele ya mama zao. Kesho yake wakaja wanane.

Mama mmoja Muorma akaniambia, "Mwalimu, ng'ombe wangu siwahesabu, sembuse mwanangu? Utamletea balaa."

Iliniuma, maana hakuna aliyenionya mapema. Nikaanza kuhesabu vikombe vya uji, kila mtoto na chake. Wakarudi wote.

Wewe una vikombe vingapi? Nijibu kabla ya swala ya Ijumaa.

Bibi yako